Mgongo Uliobaki Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha kubangua korosho Masasi, nilifika na godoro, mto na birika. Msimamizi wa Karakana aliutazama mzigo, akaniuliza, "Kijana, umekuja kazini au umekuja kuoa?" Nilikuwa nimetoka Mkunya, kijijini kwetu Newala, na kidato cha nne changu, na tangu nizaliwe nilikuwa sijawahi kulala mbali na jiko la mama. Nyinyi mnaokwenda Dar es Salaam na begi moja la mgongoni mtanicheka. Chekeni tu.

Msimamizi huyo ndiye aliyenifundisha kutunza tanuri na mabomba ya hewa moto. Wakati huo kiwanda kilikuwa cha serikali. Ulipokuja ubinafsishaji, kikachukuliwa na mwekezaji, naye akafufua jengo jingine la zamani kule Newala. Nikaomba uhamisho mbio mbio. Wenzangu walidhani nafuata cheo, kumbe nafuata ugali wa nyumbani.

Newala nilikabidhiwa chumba cha kukaushia. Korosho ikishabanguliwa hubaki na ngozi nyembamba ya kahawia. Huwekwa kwenye chumba chenye joto mpaka ngozi ikauke, kisha akina mama huimenya kwa vidole. Joto likipungua, ngozi inang'ang'ania na korosho inavunjika. Msimu ule wa baridi zilivunjika mpaka Meneja akaniita.

"Baba Rukia, chumba chako kinakula kuni kama kuna harusi, lakini ndani baridi. Joto linakwenda wapi?"

"Linatoka, mzee."

"Najua linatoka! Linatokea wapi? Wiki hii usipopaona, nafunga chumba. Korosho zitasafirishwa ghafi, na akina mama warudi nyumbani."

Akina mama wale walikuwa wanasomesha watoto kwa vidole vyao. Sikupata usingizi, na mimi usingizi ndicho kipaji changu.

Mhandisi kutoka makao makuu akaniletea kamera ya joto, nzito kama tofali. Kamera hii haioni mwanga, inaona joto: penye baridi huonekana bluu, penye joto njano. Haipenyi ukuta, inasoma uso wake tu. Kwa hiyo hupimi mchana, maana jua limeshaupasha ukuta wote. Wala usiielekeze kwenye bati linalong'aa, maana bati hurudisha joto kama kioo. Mimi nilikimbizana na doa moja la kutisha kwenye mlango wa bati, kila nikisogea nalo linasogea, mpaka Mhandisi akasema, "Fundi, hicho ni kitambi chako."

Basi ikabidi nipime alfajiri. Alfajiri ya Julai, upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma, mtu mwenye akili zake yuko chini ya blanketi. Mimi nilikuwa nyuma ya kiwanda na Meneja na koti lake zito. Akina mama waliokuwa pale wakisubiri kengele wakasogea kutupisha. Nikaelekeza kamera ukutani: madoa ya njano yamejipanga ukuta mzima! Nikayazungushia chaki harakaharaka. Meneja akashika kichwa.

"Ukuta wote unavuja! Basi, nafunga."

Nyuma yetu kikapasuka kicheko. Alikuwa Mama Zuhura, mkubwa wao kwa umri.

"Baba Rukia, mbona umeuchora mgongo wangu?"

"Shikamoo, mama. Mgongo gani?"

"Marahaba. Huo wa chini, pembeni. Na huo mnene ni wa Mama Saidi."

"Mnene wako mwenyewe!" akadakia Mama Saidi.

Ndipo nikaelewa. Walikuwa wameuegemea ukuta kutafuta joto, na migongo yao imeacha joto pale. Nikamwambia Meneja, "Mzee, tusubiri kidogo. Joto la mtu hupoa, la tanuri halipoi."

Tukabanana wote kwenye kioo cha kamera. Doa la Mama Saidi likafifia. Yakafuata mengine, mojamoja, ukuta ukawa bluu. Likabaki moja, chini, pembeni.

"Mama Zuhura!" akapiga kelele Mama Saidi. "Wewe uko hapa, mgongo umeuacha ukutani!"

"Mlidhani kwa nini pale simpishi mtu?"

Nikabandua lipu. Nyuma yake palikuwa na tundu la bomba la zamani, limezibwa kwa maboksi na udongo. Mwashi akaliziba kwa tofali, na kesho yake ngozi zikatoka kama za karanga za kukaanga. Chumba hakikufungwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Zuhura akaketi pale pale, akaegemea, akaruka kama kamwagiwa maji.

"Kazi umetuokolea, mwanangu, ahsante. Sasa baridi hii tuipeleke wapi?"

Wakaamua, bila kuniuliza, kwamba nitawawashia moto. Kila msimu wa baridi mpaka nilipostaafu, nilikuwa wa kwanza langoni, napuliza makaa huku nikiambiwa nimechelewa.

Siku hizi kamera hizo ni ndogo, nyingine zinachomekwa kwenye simu. Mkizipata, msikimbilie kubomoa. Subirini muone kipi kinapoa. Mimi nimerudi Mkunya, nalala mpaka jua liingie dirishani. Ila Julai ikifika, kuna alfajiri najikuta nimekaa kitandani natafuta viatu kwa miguu, na mke wangu ananivutia blanketi: "Lala, Baba Rukia. Moto watawasha wenyewe."