Ndege ilishindwa kupaa Bugene, nikaishia mapajani mwa mama mkwe

Wakuu, natanguliza marahaba, maana kwa umri wangu sidhani kama humu kuna wa kumwamkia. Anayechapa ni mjukuu wangu, ila yaliyotokea yalinitokea mimi. Sijaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeoa karibuni, hukohuko Karagwe.

Mama mkwe akapata jipu ndani ya taya. Shavu likavimba hadi jicho likafunga. Haongei, hali, hata uji unamshinda. Mke wangu ndiyo katoka kujifungua, shemeji zangu wako Uganda kwenye vibarua. Tukaona huyu mama anatutoka.

Bahati nzuri, mzungu mmoja alikuwa ametua na kindege chake kwenye uwanja wa nyasi, juu ya kilima upande wa Bugene. Akakubali kumpeleka hospitali Bukoba, mimi nimsindikize. Ila alisisitiza tuondoke asubuhi na mapema. Kilima kiko juu, jua likishawaka hewa inakuwa nyepesi, ndege haipandi.

Sasa shida ikaanzia hapo.

Vijana huenda msielewe, ila kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia shambani apite. Na kile kindege nyuma kilikuwa na kiti kimoja cha watu wawili, mabega yanagusana.

Wazee wakaweka kikao palepale nyasini. Mmoja akashauri nikae juu ya bawa. Rubani akakataa. Mwingine akauliza kama haiwezekani nipelekwe kwanza mimi, halafu ndege irudi kumchukua mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe yuko kwenye machela, anaugulia. 

Jua limefika utosini ndipo wakaafikiana: shuka lifungwe katikati yetu. Rubani akalalamika kwamba muda umeshapita. Akamtazama yule mama, akawasha injini.

Tukapakiwa, kindege kikaanza kukimbia. Kindege kikanyanyuka kidogo, kikarudi chini. Kikanyanyuka tena, kikarudi. Uwanja ukaisha.

Tukaporomoka mteremkoni hadi kwenye migomba ya watu, mikungu inatugonga kila upande, tukasimama pua imezama kwenye udongo.

Shuka lilikatika. Nikajikuta nimekaa mapajani mwa mama mkwe, na kisogo changu kimempiga lilelile shavu.

Jipu likapasuka.

Akatema usaha, akavuta pumzi, akaongea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi:

"Mwanangu, shuka. Watu wanakuja."

Hakufa mtu. Rubani alichanika paji la uso. Wazee walifika wakihema, wakampita anavuja damu, wakanijia mimi.

"Umemgusa?"

"Nimemkalia."

Mzee mmoja ilibidi ashikiliwe.

Nikaamriwa kuchinja kondoo wa kutakasa. Rubani akafungwa kitambaa kichwani, akauliza kondoo ni wa nini. Alipoelezwa, akaomba maji ya kunywa.

Kondoo akachinjwa. Mimi nilikaa mbali, kama inavyotakiwa, lakini niliambiwa kwamba mbavu zote zilitafunwa na mama mkwe, kwa taya ileile.

Funzo langu: rubani akisema asubuhi, ni asubuhi. Mambo ya nani akae wapi yamalizeni nyumbani.

Haya, watu wa Kyerwa na Songambele mliomo humu: kwenu mgonjwa akiwa mama mkwe, mnambebaje? Mjukuu atanisomea majibu.