Ndege ya Bati ya Dominiko

Mzee Fidelis amechoka, na uchovu wake si ule wa kulala ukaamka umeisha. Mimi nashona viatu ubavuni mwa karakana yake hapa soko la Mawenzi, mwaka wa kumi na tisa sasa, nimemzoea. Anagonga makarai mawili, anakaa. Anakunja bati la mfereji wa paa, anakaa. Mteja akilalamika anaambiwa aende kwingine, na wengine huenda kweli, halafu mimi ndiye ninayeulizwa huyu mzee ana nini.

Zamani alikuwa fundi wa ndege za jeshi kule Ngerengere. Bati alifundishwa na Wachina kwa ishara za mikono, maana wao Kiswahili hawakijui na yeye Kichina hakijui. Vita vya Kagera vilipoanza alihamishiwa Mwanza pamoja na ndege aliyokuwa akiitunza, ya injini mbili, mabawa yamelazwa nyuma, pua wazi kama mdomo wa debe. Rubani wake alikuwa Dominiko, kijana wa Matombo, kule milimani. Asubuhi moja Dominiko aliruka, akaangukia ziwani. Hakuonekana yeye wala ndege.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipokatika, akaja Angelina, dada yake Dominiko, bibi wa miaka sitini na kitu, na kikapu cha ndizi kichwani. Alimpa Fidelis shikamoo, akakaa kwenye benchi langu bila kuniomba, akasema ameelekezwa kwamba fundi wa ndege ya kaka yake ni huyu, akaeleza shida yake. Kwao mlimani msiba wa Dominiko haujamalizika hadi leo, kwa kuwa hakuna kilichozikwa. Jina lake halijarithiwa. Wajukuu wanazaliwa, wanapewa majina mengine, lake linarukwa. Wazee wa ukoo wamekubali kizikwe kitu chochote kilichokuwa chake, lakini nyumbani hakuna hata shati. Je, Fidelis angeweza kuwatengenezea ile ndege, ndogo, wakaizike?

Fidelis alikubali haraka mno. Nilishangaa, kwa sababu mtu huyu hata kukubali kikombe cha chai humchukua robo saa.

Kazi ilimla miezi minane. Kila mita moja ya ndege aliifanya sentimita tano. Alikata madebe ya mafuta ya kula, akayaunga kwa pini alizozikata fupi kama misumari. Aliweka hata viraka alivyowahi kuvipigilia Mwanza, kila kimoja mahali pake, na ukimuuliza anakutajia siku kilipowekwa. Kifuniko cha kioo, kile kinachomfunika rubani, alikitengeneza kwa chupa ya maji aliyoilainisha kwenye jiko. Cha kwanza akakiunguza. Cha pili akakivunja. Cha tatu kilikuwa kizuri, nimekiona kwa macho yangu, akakikanyaga. Nikamwambia anatia aibu, uzee wote huo na anacheza. Nilikasirika, nikakaa siku mbili bila kumsalimia.

Agosti Angelina akarudi. Ndege ilikuwa mezani, imekamilika, ila pale pa rubani pako wazi. Akaipakata, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza kwa nini haina kioo.

Fidelis alikaa chini kwanza.

"Asubuhi ile kilikuwa kinakwama," alisema. "Kinateleza juu ya reli, na ndege ikiharibika rubani hawezi kujirusha nje mpaka kitoke. Nikapaka grisi, kikateleza, nikatia sahihi kwamba ndege ni nzima. Sijui kama kilimkwamia kule juu. Labda hakikumkwamia. Miaka yote hii sijui."

Nilidhani Angelina atampiga kwa ile ndege. Mimi ningempiga.

Angelina alimuuliza kama amewahi kumwambia mtu. Hapana. Akamuuliza kama alimjua mama yao. Hapana. Basi akamsimulia, taratibu, macho yapo kwenye bati. Dominiko alikuwa seminari akisomea upadri, akaacha, akaenda jeshini. Siku ya kuondoka mama yake alimwambia mlangoni aende na asirudi. Naye hakurudi. Yule mama aliishi miaka thelathini na mbili baada ya hapo akiamini ni ulimi wake uliomwangusha mwanawe. Kila Jumapili alikwenda kanisani, na wengine walipoinuka kwenda kukomunika yeye alibaki kwenye benchi. Mapadri walimsihi mpaka wakachoka. Akafa hivyo hivyo.

"Ungekuja mara moja tu, kaka Fidelis," alisema. "Ungemwambia kioo kilikuwa kinakwama."

Haikuwa sauti ya hasira. Alikuwa amechoka tu, labda kuliko Fidelis. Mimi nilijishughulisha na soli ya kiatu ambacho nilikuwa nimekwisha kukishona.

Angelina akairudisha ndege mezani, akainuka. Fidelis akaahidi kwamba kioo atakimaliza Jumamosi na atatuma mtu ampelekee ndege.

"Usitume mtu. Uilete mwenyewe," Angelina alisema. "Na kabla hatujaizika, upite kaburini kwa mama, umwambie."

"Nimwambie nini, dada? Hata mimi sijui."

"Mwambie hivyo hivyo, kwamba hujui. Yeye alikufa akiwa na uhakika."