Alama kwenye Jina la Mwanawe

Mimi ni mtu wa kushuku, na miaka ile Kibondo hakuna aliyenilaumu kwa hilo. Nilikuwa karani katika ofisi iliyowatafutia wakimbizi wa Burundi ndugu zao waliopotea. Majina yalitolewa kwenye tovuti ya ng'ambo, yakatufikia kwa disketi, nami nikayachapa na kuyabandika ubaoni.

Safari moja majina mengi yalitoka na takataka katikati: é. Mama mmoja, aliyekuja kila Jumatatu kumtafuta mwanawe, aliweka kidole kwenye mstari. Akasoma jina la mtoto, la baba, hadi la kilima walikotoka. Kisha akaondoa kidole.

"Oya, hapana, si wangu."

"Mama, mbona umesoma mpaka kilima?"

"Si wangu, mwanangu. Uyo wamemtia alama."

Sikumcheka. Kambini, jina likitiwa alama kwenye orodha, mwenyewe aliitwa pembeni, na si wote waliorudi kwenye foleni ya mgao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata mimi nilimwendea fundi wetu wa kompyuta, bwana wa Dar mwenye maneno mengi, nikamuuliza nani kawachagua watu hawa. Alicheka mpaka nikakasirika.

"Ni herufi tu, dada."

Kumbe e ya Kifaransa yenye kistari juu, kwenye kurasa za tovuti, huandikwa kwa fumbo lile, na programu ya kusomea hulifumbua. Sisi tulichapa ukurasa mbichi. Akaandika mistari michache ya kufumbua, orodha ikatoka safi.

Jumatatu mama akaitazama karatasi mpya, kisha akanitazama mimi.

"Mmeifuta. Mnaficha nini?"

Niliona aibu, maana ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Na kama asingemkiri mtoto kwa sahihi wiki ile, faili lingefungwa. Nikamwomba jina lake la ubatizo, la Kifaransa kama la mwanawe. Fundi akaliingiza kwenye ukurasa, tukalichapa bila kulifumbua. Likatoka na é katikati, sawasawa na la mwanawe.

"Unaona, mama? Hata wewe unayo. Ni herufi tu."

Alizilinganisha alama zile mbili kwa kidole. Nina hakika hakuniamini.

"Basi nami mmenitia alama," akasema. Akaomba kalamu, akatia sahihi mbele ya jina la mtoto. "Ni wangu. Mutuweke pamoja."