Walitoa Mahindi ya Faustin, Wakatoa na Sauti Yake

Akili yangu bado inakataa. Jumatatu Faustin alinitumia video ya theluji ya Lackawanna, huku Amerika, nikamjibu kwa emoji tu. Alhamisi moyo wake ukasimama akiwa break, kazini Cheektowaga, mji wa jirani. Jana tumemzika.

Nina huzuni, ndiyo. Lakini acheni niseme ukweli: nina kinyaa zaidi.

Kwa msiomfahamu, Faustin alikuwa mwenzangu wa kazi kwenye warehouse, yale maghala makubwa, Mkongo wa Bukavu, na alitengeneza filamu za barabara. Hazina mwigizaji wala hadithi. Ni simu iliyobandikwa kwa tape kwenye kioo cha gari, na Amerika inapita.

Kukiwa na msiba Columbus au harusi Louisville, yeye ndiye aliyekuwa anatubeba kwa gari lake. Sisi nyuma tunaimba na kula maandazi, yeye anarekodi. Kila safari, jamani!

Kabla ya kuingia Columbus kulikuwa na shamba la mahindi. Alilirekodi likiwa na mabango ya kampeni, likiwa na tangazo la kuuzwa, likiwa na matingatinga. Sasa ni warehouse ya kijivu, ndefu mpaka unachoka kuitazama. Akipita hapo anaguna, "Mmh," kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

Kuna gallery moja ya sanaa huko Columbus ilimwalika aonyeshe kazi yake. Mama mmoja na glasi yake ya wine akamuuliza, "Sasa vita viko wapi?" Walitaka mkimbizi awalilie! Faustin akamwambia, "Mama, hii ni barabara."

Lakini walionichefua kabisa ni wetu.

Kamati ya msiba ilichukua filamu yake itengeneze video ya kumuaga, ya kutuma nyumbani. Wakakata mahindi yote. Wakaweka maghorofa ya kwenye internet, miji ambayo Faustin hajakanyaga. Wakazima sauti, wakamwaga kwaya juu yake.

Nikamuuliza mwenyekiti kwa nini. "Donc, dada, watu ya Bukavu wakiona mahindi watasema hatukufika Amerika."

Aisee.

Video ikachezwa ukumbini. Waliokuwa wanamwita kichaa wa simu sasa wanamwita director, wanafuta machozi, wanajipiga selfie.

Mama yake, aliyekuwa akiishi naye huku, amekaa kiti cha mbele, akainua mkono kama mtoto wa shule. "Bon, na mwana yangu iko wapi humu ndani? Hata sauti yake hakuna."



Sikuomba ruhusa. Faustin alikuwa ananitumia kila safari, kwa hiyo nilichomoa laptop yao, nikaunganisha simu yangu kwenye skrini ya ukumbi. Zikaja wiper, tukaja sisi tukiimba vibaya, likaja lile shamba na kuta zake za kijivu. Kisha, karibu kabisa na simu: "Mmh."

Mama akashika kifua, akanigeukia. "Njo yeye, ni yeye! Rudisha, mwana yangu. Rudisha tena."

Nikarudisha. Nikarudisha tena. Chai ikapoa, ukumbi mzima unamsikiliza Faustin akiiguna warehouse.

Kaka, mahindi yako yamefika Bukavu. Nimeyatuma mwenyewe, mazima, bila kwaya. Na huko uliko, ukiona wameanza kujenga, wewe guna tu. Mama anaijua sauti yako.

Lala salama, dereva wetu.