Ua la Bibi Mariamu na Ng'ombe Wetu Sabasaba

Nilipokuwa mtoto niliwahi kukaa kimya tangu asubuhi mpaka alasiri, bila kusema hata neno moja. Wanaonijua leo wakisikia hilo wanacheka kwanza, kisha wanauliza kama nilikuwa naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimewekwa kulinda bakuli la maji, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba nikifungua mdomo mama yangu atakufa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipotolewa kwenye miji yetu ya ukoo iliyotawanyika tukapangwa kwa mistari kando ya ziwa, kati ya Bukima na Murangi. Zamani jirani yako alikuwa ndugu yako au zizi la ndugu yako. Sasa ulifungua mlango ukakutana na mtu ambaye hata salamu yake huijui vizuri. Sisi tulipangwa karibu na Bi Zainabu, mwanamke Mwislamu aliyetoka Musoma mjini na mumewe mchuuzi wa samaki. Baba yangu alikuwa katekista. Bibi, mama yake baba, alikuwa mkunga, tena mkunga mwenye jina, na kwa miezi mitatu ya kwanza hakumwita Bi Zainabu kwa jina lake. Alimwita "yule wa kanga mbili".

Aliyewakutanisha ni mama yangu na tumbo lake. Baada yangu mama alizaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alitoka bila pumzi. Kwa hiyo mimba ile ya nne hatukuitaja kwa sauti. Bi Zainabu ndiye pekee aliyekuja kila jioni, akaketi na mama kwenye kivuli cha jiko, akasuka ukili wake huku akimsimulia habari za Bibi Mariamu, mama yake Nabii Isa. Mimi nilijifanya nachambua mchicha, kumbe masikio yote yalikuwa kwake.

Alisimulia jinsi mama yake Mariamu alivyomweka nadhiri kwa Mungu kabla hajazaliwa, akitegemea mtoto wa kiume, akapata wa kike, na Mungu akampokea vilevile. Jinsi Nabii Zakaria alivyomlea, na kila akiingia chumbani kwake akakuta riziki ambayo hakuileta yeye. Kisha malaika, kisha mimba, na Mariamu akaenda mbali na watu, peke yake. Uchungu ukamshika kwenye shina la mtende, mpaka akatamani angekuwa amekufa zamani na kusahauliwa. Hapo mama aliachaga kula alichokuwa anakula, akatazama chini. Ndipo sauti ikamwambia asihuzunike, maji yanapita chini yake, autikise mtende tende zimdondokee. Na akiona mtu yeyote asiseme naye, kwa kuwa amefunga kusema. Watu walipokuja kumlaumu, mtoto mwenyewe ndiye aliyesema akiwa mchanga.

"Mtende ndiyo mti gani?" nikauliza siku moja, nikajisahau kwamba nachambua mchicha.

"Ndugu yake mkindu huu ninaosuka," alisema Bi Zainabu. "Ila wenyewe una adabu, unazaa tamu."

Bibi alikuwa mlangoni akavumilia, uvumilivu ukamwisha. "Weye mama, sisi tunajuaga Maria alizalia kwa ng'ombe. Zizini. Hata picha iko kanisani, ng'ombe wanaangalia. Mtende umetokea wapi?"

"Kwetu alizalia mtendeni, mama yangu."

"Peke yake? Bila mkunga, bila hata ng'ombe wa kumpumulia joto? Mtoto si angeganda!"

Walibishana hivyo wiki nzima, na nadhani walianza kupendana kwa ubishi huo. Mama alicheka kidogo, akishika kiuno. Alipofikia siku zake aliacha kucheka kabisa.

Uchungu ulianza Jumatatu. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na Jumanne alfajiri baba alitoka kwa miguu kwenda Murangi kutafuta lori la kumpeleka hospitali Musoma. Jua lilipochomoza Bibi alitoka chumbani akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Bi Zainabu, akamwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza.

Bi Zainabu alikuja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kijiti kikavu chenye matawi yaliyojikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mama mkwe wake alikileta kutoka Maka. Wao walikiita ua la Bibi Mariamu, na walisema lilichanua alipolishika katika uchungu wake. Huwekwa majini mwanamke anapojifungua. Likifunguka, na mwili wa mama hufunguka, na maji yake hupewa mama anywe.

"Hiyo dawa katekista akiisikia..." Bibi alianza.

Sauti ya mama ikatoka ndani, nyembamba. "Leteni. Maria ni yule yule."

Bakuli la bati likawekwa nje chini ya upenu, mahali penye upepo, na mimi nikawekwa kwenye kigoda mbele yake. Bi Zainabu alinishika mashavu. "Wewe ni mlinzi. Lisipinduke, lisikauke. Na usiseme neno mpaka mtoto alie. Mariamu alifunga kusema, na wewe utamfungia mama yako. Umesikia?"

Nikafungua mdomo kuitika, nikaufumba upesi. Nikaitikia kwa kichwa.

Nililitazama ua lile mpaka macho yakaniwasha. Lilifunguka kweli! Kijitawi kimoja, kisha kingine, polepole, na kila kimoja kilipojinyoosha nilisikia mama akiguna ndani. Bi Zainabu alikuja mara mbili kuchota kikombe. Kufika mchana lilikuwa limefunguka nusu, na furaha ilinijaa hata nikatamani kuimba, nikajibana.

Hapo ndipo alipotokea Sabasaba, ng'ombe wetu aliyezaliwa siku ya sikukuu ile. Alikata kamba. Alikuja moja kwa moja kama aliyealikwa, akainamisha kichwa bakulini.

Msomaji asiyefuga hawezi kuelewa shida niliyoipata. Ng'ombe wa kwetu hutii sauti. Ukimwita jina na kumkemea hugeuka, hata mtoto wa miaka minane anaweza. Lakini sauti nilikuwa nimekatazwa. Nilimsukuma pua, nikamvuta sikio, nikampiga ngumi shingoni huku machozi yananitoka, mdomo nimeufunga kwa mkono mmoja. Sabasaba alinitazama kwa upole, akaendelea kunywa. Alikunywa mpaka povu likabaki chini, kisha akalilamba ua la Bibi Mariamu, na kijitawi kimoja kikavunjika.

Alipoondoka nilikimbilia mtungi, nikamimina maji juu ya povu lile, nikalitumbukiza ua. Nikaketi, nikijua nimemuua mama yangu. Bi Zainabu akatoka, akachota kikombe cha tatu, akaingia. Sikuweza kumwambia. Nilikuwa nimefunga.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukielewa kabisa: mama alicheka. Si kicheko kidogo cha kushika kiuno, ni kicheko kikubwa, cha kupasuka, na katikati yake kikageuka kelele, na Bibi akapiga kelele naye, na juu ya kelele zote ikaja sauti mpya, kali, yenye hasira nyingi. Mtoto alikuwa analia.

Nilikuwa huru kusema, na sikusema. Nilikaa pale mpaka Bi Zainabu akatoka na vigelegele, akanibeba juu, akaniita mlinzi mwaminifu. Sifa ile iliniuma kuliko kofi. Baba alifika na lori alasiri, matope mpaka magotini, akakuta Bibi na Bi Zainabu wanabishana kama mtoto aitwe Maria au Mariamu. Alimshika mtoto, akalia mbele za watu, akasema katekista amechoka, aitwe Mariamu.

Siri ya Sabasaba niliibeba miaka mingi. Kila Mariamu alipougua nilijua ni kwa sababu ya maji yale. Niliolewa Bunda, nikazaa, nikaendelea kuibeba. Hatimaye, mama akiwa mzee na anaishi kwa Mariamu huko Makoko, nikamwambia yote, mwanamke mzima nalia kwa ajili ya ng'ombe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka kile kicheko.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kikombe kilikuwa kinanuka ng'ombe! Nilikuwa nimeshakata tamaa, mwanangu. Nilikuwa nimefika pale pa Mariamu, pa kutamani nisahaulike. Nikanusa Sabasaba, nikamkumbuka bibi yako na ng'ombe wake wa zizini, nikawaza, kumbe wamekuja wote, wa mtende na wa ng'ombe. Nikacheka. Mwili ukaachia."

Tangu hapo sijui nihesabu vipi kosa langu, na sihangaiki tena kulihesabu. Niliogopa maisha yangu yote kitu ambacho mama yangu alikihesabu kuwa rehema. Bi Zainabu na Bibi walishatangulia, wamezikwa kijiji kile kile, mmoja kwa dua na mwingine kwa rozari. Ua Bi Zainabu aliniachia mimi, na lile tawi moja bado limevunjika.

Binti yangu alipojifungua mwaka jana nililiweka majini chini ya upenu, nikaketi mbele yake, nikafunga mdomo. Siku hizi sina ng'ombe. Hata hivyo, kabla sijaketi, nilikwenda nikaufungua mlango wa uani, nikauacha wazi.