Mwimbaji wa Bendi ya Mume Wangu Amerudi

Admin, tafadhali usiweke jina langu, Voi ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimeolewa na watoto wangu ni watu wazima. Wenye matusi mpite tu, hili jambo linaniuma.

Mume wangu nitamwita Mwakio. Nilimjua miaka ya tisini, kijana wa Mwanda, kule milimani Taita, aliyejifunza gitaa kanisani. Alikuwa anahudumia wageni kwa hoteli moja mbugani, na mzungu mmoja akamwachia kanda za muziki wa roki. Si ile roki ya kuchangamka. Hii ilikuwa ya huzuni, gitaa linakwaruza kama mabati yanayoburutwa. Mwakio alipagawa. Akafuga nywele, akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe kwa Kiswahili na Kidawida, lugha yetu ya Taita. Mama yake alilia, akidhani mtoto amepotea.

Akaunda bendi hapa Voi. Siku ya kwanza ukumbini watu walikuja wakitarajia rumba. Wakaanza kuzomea, "Toeni hiyo takataka!" Mwakio akafumba macho, akaendelea kupiga. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika, nikajua huyu ndiye wangu.

Tulioana. Halafu akaja Stella, si jina lake, msichana wa Mombasa mwenye sauti nzito na viatu vya jeshi. Akishika maikrofoni hakuna aliyezomea tena. Bendi ikahamia Nairobi, ikarekodi kanda, redio ikaanza kupiga nyimbo zao. Mimi nilibaki Mwanda kwa mama mkwe, mtoto wetu Mkawasi mgongoni, nikipalilia kabichi. Kwa redio ya jirani nasikia gitaa la mume wangu, na mwanamke mwingine anaimba eti nirudie, nimekuzoea. Jirani ananiambia, "Mama Mkawasi, huyo dada anamwimbia bwanako vizuri kweli!" Nilikuwa naingia katikati ya mahindi nalia.

Akija nyumbani namuuliza, "Hizo nyimbo unamtungia nani?"

"Ni nyimbo tu, Mama Mkawasi."

Basi. Hilo tu.

Bendi ikaalikwa kupiga ng'ambo. Kabla ya safari, Mwakio akashuka Voi na begi na gitaa. "Nimeachana nao," akasema, hakueleza. Stella akaenda na mpiga gitaa mwingine. Mwakio akafungua kibanda cha kutengeneza redio, na kusema ukweli amekuwa mume mwema. Lakini sikuwahi kuacha kujiuliza kilichotokea huko Nairobi.

Sasa Stella amerudi nchini. Anataka warekodi zile nyimbo upya, mwezi mzima Mombasa. Mwakio amenunua nyuzi mpya za gitaa, anafanya mazoezi mpaka vidole vinavimba, anacheka peke yake. Mimi, na umri huu, wivu unanichoma kama msichana.

Juzi simu yake ililia akiwa bafuni. Nikaona ni Stella, nikashika. "Dada, achana na mume wangu."

Akanijibu, "Mama Mkawasi, mwenye wivu ni mimi. Kila wimbo alikuwa ananieleza kwanza. Ananiambia, hapa mke wangu anateka maji, hapa amenikasirikia. Nilisimama nikaimba mapenzi yenu mbele ya mwanaume niliyempenda. Siku moja nikashindwa, nikamwambia. Kesho yake akapanda gari kurudi kwako."

Nilikaa kitandani. Nilifurahi, siwadanganyi. Nyimbo zote zile zilikuwa zangu! Halafu furaha ikakatika. Sikumuuliza Stella kama bado anampenda Mwakio. Na huyu bwana amenificha miaka yote, hata sasa anapiga pasi mashati yake kama anaenda tu kazini.

Nikimkataza, atakuwa ameacha muziki kwa ajili yangu mara ya pili. Nikimruhusu, namkabidhi mwenyewe kwa mwanamke aliyeniambia kwa mdomo wake kwamba alimpenda. Anasafiri Jumatatu na hajui kwamba najua.

Mliowahi kuishi na mwanamuziki, nawaomba mniambie ukweli: nimfungie begi, au nimfungie mlango?