Miti Miwili Mbele ya Kamera

Niliombwa kutengeneza video fupi ya kufundisha usalama kwenye mashimo ya dhahabu, nje kidogo ya Bunia, upande wa Marabo. Wachimbaji wapya wangeitazama kabla ya kushuka. Msemaji alikuwa mzee anayesimika miti ya kushikilia udongo ndani ya shimo. Aliijua kazi yake kuliko sisi wote, lakini tuliposhuka naye shimoni kurekodi, miti miwili ilimziba uso.

"Papa, tosha hii miti mbili," nilimwambia aiondoe. "Kamera haikuone muzuri."

"Nikitosha, nani atashika udongo? Kamera?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. "Dakika tano tu, papa."

Akaitoa. Akasimama chini ya udongo mtupu, akasema kwamba mtu asiingie shimoni pasipo miti. Alisema vizuri, mara moja tu. Kisha mvua ikaanza, tukakusanya vyombo na kukimbilia pikipiki. Sikumwambia mtu yeyote airudishe.

Kesho yake mzee alitaka kuirudisha. Wenzake wakamtania: "Papa, weye unajua kupita watu ya sekirite, wale wa video ya usalama? Si walikaa pale chini na hawakukufa?" Kazi ilikuwa imechelewa kwa sababu yetu. Akaacha. Siku ya tatu udongo ulishuka, ukamvunja mguu.

Koperative yao iliandika kwamba amezembea, na kwamba jina lake litafutwa kwenye orodha ya wachimbaji. Prezida wa koperative alinipigia simu kuuliza kama tuliacha shimo tulivyolikuta. Nilijibu, "Ndiyo, prezida." Nilikuwa nyumbani, Rwambuzi, sahani ya sombe mbele yangu. Nikaendelea kula.

Ilinichukua wiki nzima kufika hospitali. Mke wake alinipa kiti. Nilimweleza mzee yote, kuanzia miti hadi ile simu. Alinisikiliza huku akiutazama mguu wake.

"Mutoto yangu, ile siku mimi nilikuwa pale," alisema. "Mambo ya miti niliona na macho yangu. Wale ndio hawajui. Enda kwao."

"Na uende leo," mkewe akaongeza. "Kesho wanafuta jina."

Nilipanda pikipiki moja kwa moja hadi ofisini kwao. Prezida alichukua karatasi mpya, akaniuliza nani aliamuru miti itolewe. Nikataja jina langu. Akaniomba nilirudie polepole, aliandike bila kukosea.